Mahari ya Rebeka

Kila mmoja wenu aliyeniuliza ilikuwaje nilimpa jibu la kumtosha yeye. Baba Kulwa wa mashine ya kukoboa nilimwambia farasi kafa, akarudi kwenye mashine yake. Saidi fundi cherehani nilimwambia nimemuuza, akataka bei, nikamjibu kwamba bei nzuri haitajwi mbele ya watu wenye njaa. Mama Shija nilimwambia yuko Ushirombo kwa wakwe, na hilo pia halikuwa mbali na ukweli. Sasa nasikia mnakutana mnalinganisha. Basi naandika jibu moja, lizunguke mtaa wote wa Kambarage, na mwenye miwani amsomee asiye nayo.

Kapteni mnamjua, mlimwona uani kwangu akila mabua: dume la kahawia iliyoiva, mguu mmoja wa nyuma mweupe. Nilimpata kwa fundi wa kizungu wa mgodi wa almasi aliyekuwa anarudi kwao. Mimi ni mtu wa ng'ombe, punda na ngozi. Farasi nilimchukua kama mtu anavyochukua saa ya ukutani mnadani, kwa sababu hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Pamoja naye alikuja Dotto, mtunzaji wake. Dotto hakuuzwa wala hakununuliwa. Alifuata hatamu tu, akahamia kwangu.

Msichojua ni ukoo. Kapteni alikuwa mwana wa Meja, na Meja mwana wa Jenerali, dume la Ulaya lililoruka kuta zinazompita mtu mrefu, na wanawe wote wakaruka. Nilimwambia Dotto huu ni ukoo wa ajabu, kila kizazi kinashuka cheo. Hakucheka. Kapteni mwenyewe alikuwa mzee na goti bovu, hawezi kuruka hata mfereji wa maji machafu. Mama mmoja wa Arusha mwenye farasi wa mashindano alipopita kumtazama aliangalia goti, akatikisa kichwa. Akauliza baba yake nani. Dotto akamtajia. Yule mama akatafuta kiti akakaa.

"Huyu sina kazi naye," alisema. "Lakini mtoto wake, kwa jike mwenye damu ya Jenerali, nitamfuata hata Kigoma."

Ndipo nilipojifunza biashara hii. Katika farasi wa kuruka hununui farasi, unanunua babu yake.

Na jike mwenye damu hiyo alikuwapo, mmoja tu upande wetu wote: Ushirombo, kwa mjane anayeitwa Mama Yohana. Mumewe alikuwa mtunza farasi wa familia ya kizungu iliyoondoka ikamwachia huyo jike. Mvua zilikuwa zinakaribia, na Kapteni hakuonekana mtu wa kuvuka mwaka mwingine. Mimi nilimtaka mtoto wa kumpeleka Arusha. Dotto alitaka kitu kingine.

"Asife hivi hivi, Masanja," aliniambia. "Asife pasiwe na wa kuitwa mwana wa Kapteni."

Huyo mtoto alikuwa ameshampa jina: Luteni.

Kambarage hadi Mwakitolyo

Mnakumbuka petroli ilivyokuwa adimu msimu ule. Tulipata habari ya lori la pamba lililokuwa Bugarama, ambalo dereva wake aliahidi kutuvusha msitu hadi Ushirombo kama tungefika kabla hajamaliza kupakia. Kutoka hapa hadi Bugarama ilikuwa ni kutembea. Nilibeba unga, blanketi na miche ya sabuni niliyoificha ndani ya gunia la pumba, maana miaka ile sabuni ilikuwa na heshima kuliko diwani.

Njiani kila mtu alikuwa na neno. Pale kisimani baada ya mbuga, mzee mmoja alitusimamisha kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, bhabha."

Akamzunguka Kapteni polepole. "Punda wako nani kamkata masikio?"

"Si punda, bhabha. Ni farasi."

"Falasi." Akalionja neno. "Anakamuliwa?"

"Hapana, ni dume."

"Analima?"

"Halimi."

"Analiwa?"

"Haliwi."

Mzee akanitazama kwa huruma. "Pole, bhabha. Ulikuwa umelewa?"

Nikavuta hatamu, tukaendelea.

Mwakitolyo tuliiona kwanza kwa moshi, kisha kwa mashimo. Kwa mbali watu walikuwa wamejaa kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, kama siafu. Tulipokaribia hapakuwa na mtu. Maji ya ugali yalikuwa yanachemka motoni bila mwangalizi, karai la kuoshea mchanga limeachwa bado maji yanatikisika. Dotto ndiye aliyeelewa. Wachimbaji walikuwa wamemwona mtu amekaa juu ya farasi, na mtu wa namna hiyo walikuwa wamemwona mara moja tu, kwenye picha ya polisi.

Mtu wa juu ya farasi nilikuwa mimi. Miguu ilikuwa imevimba, Dotto akanihurumia. Niliteremka, nikainua mikono, nikapiga kelele, "Sisi ni wafanyabiashara! Tuna sabuni!"

Walitoka mmoja mmoja, vumbi hadi kwenye kope. Mmoja akasema, "Ungetangulia kusema sabuni, baba, tusingekimbia." Wakacheka wote, isipokuwa mtu wa makamo aliyekaa kwenye kifusi, ambaye hata hakuwa amekimbia.

Huyo aliitwa Nkwabi. Duara lilikuwa limemwangukia kaka yake. Walikuwa wamemfikia, wakamfunga kamba, lakini gogo la kuzuia kuta lilikuwa limembana kifuani, na kila watu walipovuta, ukingo ulimomonyoka chini ya miguu yao. Alikuwa ameshakufa. Walichotaka ni kumtoa tu.

Nkwabi akamtazama Kapteni. "Huyo anaweza kuvuta akiwa kule mbali, kwenye ardhi ngumu."

"Huyu si wa kukokota," Dotto alisema. "Hajawahi kufungwa kitu tangu azaliwe. Babu yake..."

"Babu yake simjui," Nkwabi alisema. "Kaka yangu yuko humo ndani na jua linawaka."

Mimi nilikuwa nafikiria lori. Nilimwambia Dotto kwa pembeni kwamba tukilala hapa tumelikosa. Dotto alikuwa ameshaanza kukunja blanketi letu ili kamba isimkate Kapteni kifua.

Ilichukua mchana wote na asubuhi iliyofuata. Mara ya kwanza Kapteni alishtuka, akarudi nyuma, kamba ikalegea, tukaanza kusikia udongo ukianguka huko chini. Dotto akasimama mbele yake, paji kwa paji, akawa anamsemesha Kisukuma. Farasi wa Ulaya alijua Kisukuma kuliko Kiswahili. Akaegemea kamba. Akaegemea tena. Gogo lilitoka kwanza, kisha yule marehemu, mwekundu wa udongo mwili mzima, kama chungu ambacho hakijachomwa.

Tulikaa mazishini, haikuwezekana kuondoka. Walitupa ugali, maharage na samaki mkavu mmoja, mkubwa, ambaye najua walikuwa wanamtunza kwa jambo lingine. Nilitoa mche wa sabuni wa kumwoshea marehemu. Nkwabi akataka kunilipa kwa vumbi la dhahabu kwenye kifundo cha kitambaa. Nikakataa. Msinitazame hivyo mnaposoma. Hata mimi nilijishangaa.

Bugarama

Lori lilikuwa limeondoka.

"Dereva kawangojeni hadi jana mchana," alisema mama muuza chai. "Kawatukana kidogo, kisha kaenda."

Kwake nilikunywa chai ya mkono mmoja: kikombe kulia, na kushoto anakumwagia sukari kiganjani kama dawa, unalamba, unapiga funda. Ukilamba haraka, chai iliyobaki ni shauri lako. Nilibishana naye kuhusu ukubwa wa kile kijiko mpaka akaniita Mpare kwa ubahili, na mimi ni Msukuma wa kuzaliwa Old Shinyanga.

Lori lingine hakuna aliyejua. Kati yetu na Ushirombo kulikuwa na msitu wa miombo, na msitu ule una mbung'o. Ng'ombe akiumwa nao anakonda. Punda anavumilia. Farasi, Dotto alisema, anakufa. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

"Basi turudi," nikasema.

"Turudi naye wapi? Akafe uani kwako kwa uzee?"

"Twende usiku, mbung'o wamelala."

Mama wa chai akaingilia. "Usiku? Na mnyama asiyejulikana? Sungusungu wa ulinzi watawapiga kwanza, watauliza baadaye. Wezi wa mifugo ndio wanaotembea usiku, baba."

Ikawa ni kuvuka mchana.

Msituni

Nitaandika kidogo kuhusu hapa.

Dotto alimpaka Kapteni kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, kuanzia masikio hadi kwato, akamfunika blanketi, akatembea mbele na kopo la kinyesi kikavu kinachofuka moshi. Mimi nilitembea nyuma na tawi. Kwa mbali ungedhani ni maandamano ya kanisa. Mbung'o hawakujali moshi wala tawi. Walimfuata kwenye kope, chini ya mkia, ndani ya mapaja ambako kinyesi kilikuwa kimebanduka kwa jasho. Mbung'o ukimpiga hafi. Unamkamata, unamviringisha kati ya vidole, unamvunja. Nilianza kuhesabu niliowavunja. Mnanijua mimi kwa hesabu. Kabla ya mchana kuisha niliacha, na sikumbuki kama nimewahi kuacha hesabu katikati tena maishani.

Kapteni alitembea tu. Hakurusha teke hata moja.

Ushirombo

Kwa Mama Yohana palikuwa pamefyekwa vizuri, mihogo kila upande, mbung'o hawafiki. Mwenyewe, ambaye tulishamtumia salamu, alikuwa kwenye kigoda anamenya karanga, Msumbwa mwembamba mwenye rozari shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyu mchafu ndiye bwana harusi?"

Rebeka alikuwa nyuma ya nyumba, jike la kijivu lenye shingo ndefu. Alipomsikia Kapteni aliinua kichwa, akaita. Dotto akavua kofia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo safari ilipopinduka. Katika biashara ya farasi, mwenye jike ndiye anayemlipa mwenye dume. Yule mzungu alimweleza Dotto, Dotto akanieleza mimi, nami nilikuja Ushirombo nikiwa nimeshapanga kumwonea huruma mjane: asinilipe kitu, mtoto tu awe wangu. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka.

Mama Yohana alicheka mpaka karanga zikamwagika.

"Wewe Msukuma, dada zako waliolewa hivyo? Baba yako ndiye aliyepeleka ng'ombe kwa wakwe?"

"Mama, hawa ni wanyama."

"Haya. Basi mtoto ni wa mnyama. Atakaa na mama yake." Akaokota karanga. "Bila mahari mtoto ni wa kwa mama. Kwenu si hivyo?"

Kwetu ni hivyo. Nina binamu mzima anayelima mashamba ya wajomba zake mpaka leo kwa sababu baba yake alikuwa na maneno mengi na ng'ombe wachache. Nilimtazama Dotto. Dotto akatazama mbingu.

Akaanza na mbuzi kumi. Nikashika kichwa. Nikamwambia bwana harusi ni mzee, ana goti bovu, atakayemkubali ni nani. Akasema ndiyo maana mahari iwe kubwa, binti anaenda kuuguza. Nikasema binti mwenyewe si msichana. Akasema ulimi huo nikaufundishe adabu. Tulishuka hadi sita, tukakwama, tukala mihogo ya kuchemsha na karanga, tukaendelea. Jua lilipoanza kupoa tulikuwa kwenye watatu, na nilikuwa nimempenda yule mama kama nilivyowahi kupenda wapinzani wachache.

Hapo Dotto akaamua kunisaidia.

"Mama, hujui bahati yako," alisema, uso unang'aa. "Hawa ni damu moja! Baba yake Rebeka ni Kanali, mwana wa Jenerali. Na baba yake Kapteni ni Meja, mwana wa Jenerali huyo huyo. Babu yao mmoja!"

Mama Yohana akaweka chini ungo.

"Rudia."

Dotto akarudia, kwa furaha ile ile.

Yule mama akasimama, akachukua kigoda chake mkononi. "Mmetoka Shinyanga kote huko kuja kumpa binti yangu kaka yake? Na mnacheka?"

"Mama, kwa farasi hiyo ndiyo thamani," nikawahi. "Babu mmoja pande zote mbili, wanamtafuta hivyo makusudi."

"Kwa farasi wa wapi? Huyu kakulia Ushirombo."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Tulilala uwanjani pake. Dotto hakula. Mimi nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kisha nikakumbuka kwamba hata kwetu kuna dawa ya jambo hili. Asubuhi nikagonga.

"Mama, na tukivunja undugu?"

Akajibu kutoka ndani: "Mbuzi wa kuvunja hahesabiwi kwenye mahari."

"Hahesabiwi, mama."

Nilikwenda kwa majirani na miche yote ya sabuni iliyobaki na saa yangu ya mkononi, nikarudi na majike wanne wa mbuzi. Mmoja tulimchinja na kumpasua katikati kwa urefu. Upande wa Mama Yohana ukala nusu yake, upande wetu ukala yetu, bila kuonjeshana. Tulipomaliza alifuta mikono akatangaza kwamba kuanzia leo Jenerali ni babu wa Kapteni peke yake, Rebeka hana babu huyo. Nilifikiria yule mama wa Arusha kwenye kiti chake. Niliona heri asijue.

"Na lingine," Mama Yohana alisema. "Rebeka akifa kabla ya kuzaa, mahari yako inarudi. Mimi sili cha mtu bure."

Nikasema Mungu apishe mbali, na hawa watatu wanenepe.

Rebeka alikuwa kwenye joto. Kapteni, aliyeoshwa mtoni na Dotto mpaka akang'aa, alisahau goti. Sitasema zaidi, Mama Shija atasoma.

Tukabaki kungoja. Baada ya majuma matatu tulimpeleka tena kwake. Rebeka akabana masikio, akamrushia teke zito lililotikisa mlango. Dotto aliruka kwa furaha, maana jike anayekataa ameshashika mimba. Siku ile ile, alipokuwa anamsugua Kapteni, mkono wake ulisimama chini ya tumbo. Palikuwa pamevimba, na ukibonyeza, alama ya kidole inabaki kama kwenye unga uliokandwa.

Alikwenda haraka. Miguu ikajaa, mgongo ukatoka mifupa, mwisho akawa anasimama ameegemea ukuta wa zizi la Rebeka huku Rebeka akisimama upande wa pili. Dawa tulitafuta mpaka misheni. Waliyokuwa wakitoa ilikuwa ya ng'ombe, nayo ilikuwa imekwisha. Alikufa asubuhi, watu wakiwa shambani.

Jirani alikuja kuuliza kama nyama yote hiyo tunaizika. Dotto akamfuata na jembe, ikabidi nimshike. Tulichimba sisi wawili hadi jioni. Mimi ni mnunuzi wa ngozi, mnanijua. Ngozi ile ilikuwa safi, pana, haina kovu hata moja ila pale kifuani kamba ilipomchubua Mwakitolyo. Tuliizika naye.

Kurudi

Tulirudi na hatamu. Kwenye msitu mbung'o walituuma sisi. Mwakitolyo Nkwabi alituona tukija kwa miguu, wote wawili. Alitupikia.

Hapa nyumbani mliona wenyewe. Dotto alipanga matofali pande mbili za uwanja wangu, akalaza mti juu yake, chini chini kabisa, kimo cha goti, uwe wa Luteni kujifunzia kuruka. Mlimcheka. Kila mwezi alikuwa akihesabu kwa vidole miezi iliyobaki. Mama wa Arusha alituma salamu kwamba atakuja.

Mvua zilipokatika, asubuhi moja nilikuwa mlangoni naswaki nikaona mtu anapanda barabara ya kwetu akiswaga mbuzi. Mtu mzima, mgeni, amechoka. Sikumjua mtu. Mbuzi niliwajua.

"Dotto," nikaita. "Njoo."

Alikuwa mpwa wa Mama Yohana. Alisalimia, akapewa maji, akanywa yote. Akasema shangazi yake anatusalimu sana. Akasema Rebeka alivimba chini ya tumbo kama yule mwenzake, inzi wa zizini walimhamishia ugonjwa, mimba ikiwa imeshaonekana. Akasema shangazi alilia. Kisha akasema shangazi ameagiza nihesabu mbele yake.

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Watatu wa mahari, na kitoto kimoja cheupe, kwa kuwa mmoja wao alikuwa amezaa kwake, na Mama Yohana hali cha mtu bure. Nilitoa wanne, wamerudi wanne. Kwa hesabu ya biashara sikupoteza kitu.

Mgeni akawaachia. Majike wakauzunguka mti wa Luteni. Kile kitoto kikapita chini yake, wala hakikuinamisha kichwa.

Dotto alikitazama. Kisha akaenda akautoa ule mti juu ya matofali, akaubeba begani mpaka kwenye zizi la nyuma, akausukumia mlangoni mbuzi walipokwisha kuingia, uwe komeo.